Wiki nane za fildi: mwanafunzi wa programu anajifunza nini, na nani anagharamia?

Kila mwaka vyuo vikuu vinapofunga muhula wa pili, kwenye daladala za Dar es Salaam huongezeka abiria wa aina moja: kijana mwenye nguo zilizopigwa pasi, begi la kompyuta mpakato amelikumbatia kifuani, na ndani ya begi hilo kuna bahasha ya kaki yenye barua ya chuo. Huyo anakwenda fildi. Wengi wanatoka pembezoni mwa jiji: Mbagala, Buza na Yombo kwa upande wa Temeke, au Bunju, Boko na Mabwepande kwa upande wa Kinondoni. Ofisi wanazozifuata nyingi ziko Kijitonyama, Mikocheni, Masaki na katikati ya jiji.

Katika makala haya tunaeleza fildi ya uhandisi wa programu za kompyuta. Tumeichagua fani hii kwa sababu ni ngumu kuiona kwa macho. Mwanafunzi wa ufundi wa magari hurudi nyumbani na grisi mikononi. Wa uuguzi hurudi na habari za wodini. Wa programu hurudi msafi kama alivyotoka, na mama akimuuliza, "Leo mmefanya nini huko?", hukosa la kujibu. Wakati mwingine ni kwa sababu kazi yenyewe haielezeki kwa urahisi. Wakati mwingine ni kwa sababu kweli hakupewa kazi yoyote.

Tofauti kati ya hali hizo mbili ndiyo tunayoieleza hapa, kwa wanafunzi, kwa wazazi na kwa wenye ofisi ndogo wanaopokea wanafunzi.

Fildi ni ipi, na ipi si fildi?

Kwa lugha rasmi fildi huitwa mafunzo kwa vitendo. Ni sehemu ya masomo: mwanafunzi bado ni wa chuo, hupewa alama, hujaza kitabu cha kumbukumbu kila siku, huandika ripoti, na mwalimu wa chuo hutakiwa kumtembelea kazini. Kwa kozi nyingi za uhandisi ni takribani wiki nane kila inapofika zamu yake.

Watu wengi huichanganya na mambo mengine mawili. La kwanza ni mafunzo ya uzoefu wa kazi, ambayo ni ya mtu aliyekwisha kuhitimu na anatafuta uzoefu kabla ya kuajiriwa. La pili ni uanagenzi, ambapo kijana hujifunza ufundi kwa kipindi kirefu, sehemu chuoni na sehemu kazini. Mwaka 2017 serikali ilitoa miongozo ya kitaifa ya mambo haya mawili. Mwanafunzi wa fildi yuko kwenye kundi lake mwenyewe: si mwajiriwa, si mhitimu, na kinachomlinda zaidi ni makubaliano kati ya chuo na ofisi iliyompokea. Ndiyo maana barua ile ya kaki ina uzito.

Wazo hili limetoka wapi?

Wazo la kuchanganya darasa na kazi si geni. Mwaka 1906, katika Chuo Kikuu cha Cincinnati nchini Marekani, mhandisi Herman Schneider alianzisha utaratibu wa wanafunzi kupokezana kati ya darasa na kiwanda. Hapa kwetu, Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, akitaka shule isimtenge kijana na kazi. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likaenda mbali zaidi: waliomaliza kidato cha sita walitakiwa wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu.

Mwaka huohuo wa 1974, serikali ilizuia kuingiza kompyuta nchini. Kompyuta ya kwanza ilikuwa imefungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na matatizo ya kuzitumia mashine hizo yaliifanya serikali ione ni gharama isiyo na faida. Kwa hiyo wakati taifa linasisitiza kijana ajifunze kwa kufanya, kompyuta yenyewe haikuwapo ya kujifunzia. Leo Kijitonyama peke yake ina Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) pamoja na kituo chake cha ubunifu cha Buni Hub, na pia Ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vifaa vipo, wanafunzi wapo. Swali lililobaki ni kama mwanafunzi anapofika ofisini kuna kazi ya kumfundisha.

Kwa nini darasani hakutoshi?

Chuoni mwanafunzi huandika programu mwanzo hadi mwisho, peke yake au na wenzake watatu. Mwalimu huikagua, huitoa alama, na haifunguliwi tena. Ofisini mambo ni kinyume. Programu ipo tayari, imeandikwa na watu sita, wawili wameshaacha kazi, na kuna wateja wanaoitumia muda huuhuu. Mwanafunzi anatakiwa kwanza asome msimbo wa wengine. Msimbo ni yale maandishi ya maelekezo kwa kompyuta, ambayo mafundi wenyewe huyaita kodi, na si kodi ya nyumba wala ya TRA.

Tuchukue mfano wa duka la dawa la Tandika lenye mfumo wa kuandikisha wateja na kupokea malipo kwa simu. Hapo kuna makosa matatu ambayo kitabu cha chuo hakiyataji, lakini fundi wa programu wa Tanzania lazima ayajue.

Kosa la kwanza ni namba ya simu. Mteja mmoja aliandikwa kwa namba inayoanza na 0. Siku nyingine muuzaji mwingine akaiandika kwa +255, na wa tatu akaandika 255 bila alama ya kujumlisha. Kwetu sisi ni mtu mmoja. Kwa kompyuta ni watu watatu, na ujumbe wa kukumbushwa deni utamfikia mara tatu. Dawa yake ni kuigeuza kila namba iwe na sura moja kabla ya kuihifadhi.

Kosa la pili ni malipo. Mteja amelipa kwa simu, mtandao ukawa mzito, na mfumo wa duka haukupata jibu. Ukatuma tena ombi lilelile, na sasa daftari linaonyesha amelipa mara mbili, au mbaya zaidi, amekatwa mara mbili. Dawa ni kila muamala kuwa na namba yake ya kumbukumbu isiyojirudia, na mfumo kuuliza kwanza, "Namba hii nimeshaipokea?", kabla ya kuandika chochote.

Kosa la tatu ni saa. Seva nyingi hutunza muda kwa saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa yetu ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Dawa iliyouzwa saa saba usiku wa kuamkia Jumanne, kwenye seva imeandikwa saa nne usiku wa Jumatatu. Ripoti ya mauzo ya siku haitalingana na fedha zilizomo kwenye droo, na muuzaji wa zamu ya usiku ndiye atakayeulizwa ziko wapi. Kuna mtego mwingine hapohapo: mfumo ukimtumia bibi wa Yombo ujumbe kwamba afuate dawa zake "saa 8:00", yeye atakwenda saa nane mchana, wakati kompyuta ilimaanisha saa mbili asubuhi.

Makosa haya hayahitaji akili ya ajabu. Yanahitaji mtu aliyekaa karibu na watumiaji wa mfumo, na hilo ndilo fildi inaloweza kumpa mwanafunzi.

Wiki nane zinavyotakiwa kwenda

Wiki ya kwanza huisha kwa jambo linaloonekana dogo: kuifanya programu ya ofisi iwake kwenye kompyuta ya mwanafunzi. Kuna zana za kufunga, ruhusa za kuomba na nywila za kupewa. Siku mbili tatu zikipotea hapo si uzembe. Hata mafundi wazoefu hupitia hayo wanapohamia ofisi mpya.

Wiki ya pili ni ya kusoma msimbo na kuuliza. Hapa mwanafunzi hukutana na Git, zana iliyoanzishwa mwaka 2005 na Linus Torvalds, mtu yuleyule aliyeanzisha Linux. Kazi ya Git ni kutunza kila badiliko: nani alibadilisha nini, lini, na kwa nini. Mwanafunzi huchukua tawi lake, yaani nakala ya kufanyia kazi, ili akikosea asiharibu ile inayotumiwa na wateja.

Kuanzia wiki ya tatu hadi ya sita anatakiwa awe na kazi yake. Iwe ndogo, lakini iwe ya kweli: kurekebisha zile namba za simu, kwa mfano. Akimaliza, msimamizi husoma alichoandika mstari kwa mstari na kumwambia pa kurekebisha. Huo huitwa ukaguzi wa msimbo, na kwa maoni yetu ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote katika fildi ya programu. Wengi huumia mara ya kwanza kazi yao inaporudishwa ina maoni kumi na tano. Anayerudishiwa kazi amepata mwalimu. Wa kumhurumia ni yule ambaye kazi yake haikusomwa na mtu.

Wiki mbili za mwisho ni za kumalizia, kuona kazi inawekwa hewani, na kuandika maelezo ili atakayefuata aelewe kilichofanyika. Mwanafunzi anayeondoka bila kuandika amemwachia mwenzake kazi ya kubahatisha.

Sasa upande wa pili. Ofisi nyingi kwetu humchukulia "mtu wa kompyuta" kuwa ni mtu wa aina moja. Mwanafunzi wa programu hupewa printa iliyogoma, kuchapa barua, kunyoosha waya za intaneti na kumtolea bosi virusi kwenye simu. Kazi hizo si za aibu, na siku ya kwanza au ya pili zinasaidia kuzoeana. Zikifika wiki ya nne, huyo hako fildi tena. Ni msaidizi wa ofisi asiyelipwa, na kitabu chake cha kumbukumbu kitajazwa mambo ya kutunga.

Nani anagharamia?

Tuhesabu pamoja. Wiki nane za siku tano ni siku 40. Mwanafunzi anayekaa ndani ya Mbagala, mbali na barabara ya Kilwa, anaweza kuhitaji magari mawili kwenda Kijitonyama na mawili kurudi. Hizo ni safari nne kwa siku, yaani safari 160 kwa fildi nzima. Juu ya nauli kuna chakula cha mchana, bando la intaneti pale ambapo ofisi haitoi, na nguo za kazi. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ina kipengele cha mafunzo kwa vitendo katika mikopo yake, lakini si kila mwanafunzi ana mkopo, na si kila mwenye mkopo hupata vipengele vyote. Kwa wasiopata, anayelipa ni mama mwenye genge, au baba anayeendesha bajaji, au dada aliyekwisha kuolewa.

Ofisi nyingi hazimlipi mwanafunzi wa fildi. Tunaelewa hoja yao: mwanafunzi anakula muda wa fundi mzoefu, na mwezi wa kwanza hana anachozalisha. Lakini nauli na chakula cha mchana ni kitu kidogo kwa ofisi kuliko kwa genge la Mbagala. Na kama ofisi kweli haina uwezo, inaweza kumruhusu mwanafunzi afanye kazi nyumbani siku mbili kwa wiki. Kazi ya programu inaruhusu hilo, mradi kuna mtu wa kumjibu kwenye simu akikwama, na mradi umeme wa mtaani kwake haukatiki.

Tahadhari: taarifa za watu

Mfumo wa lile duka la dawa una majina, namba za simu na dawa ambazo watu wanatumia. Mwanafunzi akipewa kanzidata hiyo yote ili "ajifunzie", amepewa siri za mtaa mzima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume inayoisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Sheria hiyo inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililozikusanya, na habari za afya inaziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Ofisi inatakiwa impe mwanafunzi taarifa za kubuni za kufanyia majaribio. Mwanafunzi naye asinakili kanzidata ya kweli kwenye flashi, na asiibandike kwenye programu za akili bandia kama ChatGPT ili zimsaidie kutafuta kosa, maana hapo ameitoa nje ya ofisi.

Kuna kosa jingine ambalo ni rahisi kulifanya bila nia mbaya. Mwanafunzi anataka kuonyesha kazi yake kwa waajiri wa kesho, anaiweka GitHub wazi kwa kila mtu, na ndani yake kuna nywila ya seva. Akigundua anaifuta. Haitoshi, kwa sababu Git hutunza matoleo ya nyuma na nywila bado imo humo. La kufanya ni kumwambia msimamizi mara moja ili nywila ibadilishwe. Aibu ya kusema ni ndogo kuliko hasara ya kunyamaza.

Pia, fildi ikiisha, ruhusa za kuingia kwenye mifumo zinatakiwa zifungwe. Chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kuendelea kutumia mfumo wa kompyuta baada ya muda ulioruhusiwa kwisha kunaweza kuwa kosa, kama vile kuingia bila ruhusa. Kwa hiyo ukiona nywila yako ya ofisi bado inafanya kazi mwezi mmoja baadaye, usiingie "kuchungulia tu". Wajulishe waifunge.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuanza

Mwanafunzi, kabla hujakubali nafasi, uliza kwa adabu mambo haya. Nani atakuwa msimamizi wangu, na yeye mwenyewe anaandika programu? Kazi yangu itakuwa ipi kufikia wiki ya tatu? Nani atasoma ninachoandika? Nitatumia kompyuta yangu au ya ofisi? Nitaruhusiwa kuonyesha kazi niliyofanya, na sehemu gani? Hilo la mwisho lina maana, kwa sababu programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Ni afadhali kujua mapema kazi ni ya nani kuliko kugombana baadaye.

Mzazi au mlezi, usiishie kuuliza "Umefika salama?" Uliza, "Wiki hii umerekebisha nini?" Kama wiki tatu zinapita na jibu ni printa, mshauri azungumze na msimamizi wake kwanza, kisha na mratibu wa mafunzo chuoni. Chuo kinaweza kumhamisha ikiwa taarifa imetolewa mapema. Ikitolewa wiki ya saba, nafasi hiyo imekwisha pita.

Na lipo jambo ambalo hatuwezi kulinyamazia. Mwanafunzi akitakiwa atoe fedha kwa mtu binafsi ili apate nafasi, au akitakiwa kimapenzi ili asainiwe kitabu, hiyo ni rushwa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitaja rushwa ya ngono waziwazi. Simu ya TAKUKURU ni 113, na kupiga ni bure.

Mwenye ofisi, kama huna fundi mwenye walau saa moja kwa siku ya kukaa na mwanafunzi, chukua mmoja badala ya watano, au usichukue mwaka huu. Kukataa kwa heshima kunamwachia kijana muda wa kutafuta kwingine. Kumpokea na kumwacha akae kwenye kochi la mapokezi kunamla wiki nane ambazo hazirudi.

Fildi iliyokwenda vizuri haionekani kwa ripoti yenye kurasa nyingi. Inaonekana pale mwanafunzi anapoweza kumweleza mama yake, kwa Kiswahili cha kawaida: "Watu wa duka la dawa walikuwa wanatumiwa ujumbe wa deni mara tatu. Sasa wanatumiwa mara moja. Hiyo nimeirekebisha mimi." Mwenye kuweza kusema hivyo, nauli yake haikupotea.